Fundi Aliyetia Gesi Mara Mbili Bila Kufungua Kifuniko

Nitaanza na mema yao, maana si haki kumnyima mtu sifa yake. Kampuni hii ya viyoyozi, ambayo sitaitaja jina, ilipokea simu yangu mara moja, na fundi wake akafika saa ile ile aliyoahidi, jambo ambalo kila mkazi wa Nairobi anajua thamani yake. Kwa hilo nilikusudia kuwapa nyota mbili kati ya tano.

Ilikuwa ama mwishoni mwa Januari ama mwanzoni mwa Februari, na chumba cha baba mkwe wangu, kilicho ghorofa ya juu chini ya mabati, kilikuwa hakikaliki. Baba ana maradhi ya kifua, na madirisha hayafunguliki kwa sababu ya vumbi la barabara, kwa hiyo kwetu sisi kiyoyozi si anasa. Upepo ulikuwa umefifia kwa wiki kadhaa, kisha bomba nene la shaba kwenye mashine ya nje likavaa barafu nyeupe.

Kijana yule hakukanyaga chumbani. Alikwenda moja kwa moja roshani, akafunga geji ya kupima shinikizo la gesi, akaitazama kwa muda usiotimia dakika moja, akasema, "Mama, gesi imeisha." Nilimwomba aangalie kwanza sehemu ya ndani, kwa kuwa upepo ulidhoofika kabla barafu haijaonekana. Akacheka, akanijibu mbele ya binti yangu, "Mama, hii si kazi ya jikoni. Niachie mimi." Akatia gesi, akalipwa shilingi 6,500, akaondoka. Wiki mbili baadaye barafu ilirudi, akaja yeye yule, akatia tena, akalipwa tena. Alipoifungua mipira ya geji yake, gesi ilifoka hewani ikilia, naye hakushtuka. Gesi hiyo ni R410A, ambayo uzito wake ule ule hupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko hewa ya ukaa.

Jirani ndiye aliyeniletea mzee mmoja ambaye hakugusa geji kwa zaidi ya saa nzima. Kwanza aliyeyusha barafu kwa kuiacha feni peke yake izunguke, kisha akaweka kipimajoto pale hewa inapoingilia na pale inapotokea. Ilikuwa inaingia na nyuzi 27 na kutoka na 9. "Binti yangu," akasema, "tofauti ya kawaida ni nyuzi 8 hadi 12 hivi. Ikipita hapo sana, usiulize gesi, uliza upepo." Hewa haba inayopita polepole juu ya koili, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, hupoa kupita kiasi, koili yenyewe hukosa joto la kutosha la kuchemsha gesi iliyomo, shinikizo hushuka, na maji huganda juu yake. Geji hapo husoma chini, na asiyejua huona upungufu wa gesi. Tena hewa yetu hapa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, kwa hiyo kila upepo unaopotea hapa una gharama.

Alipofungua kifuniko, niliona kwa macho yangu. Filta nilikuwa nikiiosha mwenyewe, lakini nyuma yake lile gurudumu la feni, lenye mapezi membamba kama ya chanuo, lilikuwa limejaa vumbi lililoshikana kama blanketi, pengo kati ya pezi na pezi halionekani. Alilichomoa, akalisugua kwa brashi na sabuni hadi maji meusi yakawa meupe, akaosha na koili.

Nilipomweleza habari za gesi, alitikisa kichwa. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya kupikia. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, pana tundu. Aliivuta yote kwenye mtungi wake, akaupima kwenye mizani: gramu 1,190, ilhali kibati cha mashine kinasema 820, na mabomba yetu ni mafupi, hayahitaji nyongeza. Akajaza naitrojeni kutafuta uvujaji, hakuupata, akavuta hewa yote kwa pampu, akarudisha gramu 820, mtungi ukiwa kichwa chini, kwa sababu R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili na hutiwa ikiwa kimiminika ili mchanganyiko usiharibike. Kipimajoto kikasoma 27 kuingia, 16 kutoka.

Huenda kijana yule hakufundishwa, nami niko tayari kumsamehe asiyefundishwa. Lakini aliombwa afungue kifuniko, tena kwa heshima, akakataa kwa dharau, na kwa kukataa kwake kompresa yetu ilisukuma mzigo usio wake huku Baba akihema usiku katika chumba chenye joto. Nilipoipigia ofisi, niliulizwa, "Si mashine inafanya kazi sasa? Shida ni nini?"

Zile nyota mbili nimezifuta. Kufika kwa wakati kuja kuharibu mali ya mtu si sifa. Stakabadhi zao zote mbili ninazo, na juu ya kila moja pameandikwa neno moja tu: gesi.