Torpedo Captor: kufungua amplifaya ya valvu bila kuumiza masikio

Mpiga gitaa mwenye amplifaya ya valvu, yaani ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, anaijua vyema shida hii: ile sauti nzito inayokwaruza na kuitikia kila mguso wa kidole hupatikana pale tu valvu za nguvu, ziwe za aina ya EL34 au 6L6, zinapofanyishwa kazi karibu na ukomo wake, na zikifika hapo chumbani hakukaliki. Masta, yaani kitufe cha sauti ya jumla, hupunguza makelele, lakini huacha valvu ndogo za mwanzo zikikwaruza peke yake huku zile kubwa zikiwa zimelala, na kinachotoka ni sauti nyembamba. Torpedo Captor, kisanduku cha kampuni ya Two Notes ya Ufaransa, hukaa kati ya amplifaya na spika, hupokea nguvu hadi wati 100, huigeuza sehemu kubwa kuwa joto na kuiachia spika kidogo tu.

Kinachonipendeza zaidi ni namna kifaa hiki kinavyoibebea amplifaya mzigo. Spika inayoitwa ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haina omu 8 katika kila sauti. Ukinzani wake hupanda kwenye besi, hushuka katikati, kisha hupanda tena kwenye sauti za juu, na valvu hutenda kazi kwa kufuata mabadiliko hayo. Rezista tupu, yaani kipande chenye ukinzani usiobadilika, haina tabia hiyo, ndiyo maana vipunguza nguvu vingi vya bei nafuu hufifisha sauti. Captor huiga mwenendo wa spika, na vidole hulitambua hilo mara moja: uzi mnene wa E unasukuma unavyostahili, na ukirudisha nyuma kidogo sauti ya gitaa lenyewe, mkwaruzo unapungua taratibu hadi mlio unabaki safi.

Tatizo ni hesabu. Upunguzaji wake ni mmoja tu, desibeli 20, yaani nguvu inagawanywa kwa 100. Amplifaya ya wati 100 inabaki na wati 1, na spika kama Celestion Vintage 30 hutoa desibeli 100 kwa wati hiyo moja ukiwa umbali wa mita 1. Hapo jirani bado atagonga mlango. Ya wati 20 hushuka hadi takriban desibeli 93, kiwango cha mazoezi ya mchana, ila si cha usiku wa manane. Tena, sauti ikiwa ndogo, sikio lenyewe husikia besi na sauti za juu kwa upungufu, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilieleza mwaka 1933, kwa hiyo ongeza hizo kwenye amplifaya kabla ya kukilaumu kifaa.

Kwa kurekodi kimya, hapo sina malalamiko: spika huchomolewa kabisa, na tundu la kurekodia hupeleka kwenye kadi ya sauti mlio uliokwisha kupitishwa kwenye kiigizo cha spika.

Chagua toleo la omu 4, 8 au 16 kulingana na tundu la amplifaya yako, na uunganishe kwa waya wa spika, kamwe si ule mwembamba wa gitaa unaoweza kushindwa na nguvu hiyo, kwani amplifaya ya valvu ikikosa mzigo inaweza kuunguza transfoma. Valvu za nguvu nazo zitachakaa mapema zaidi. Mwenye amplifaya ya wati 20 au pungufu, au anayerekodi nyumbani, akinunue. Mwenye wati 100 anayetaka kupiga huku watu wakiongea atafute chenye hatua zaidi ya moja za kupunguza, kama Captor X.