HP5 Plus baada ya mikanda kama 20: uzoefu wangu kwa picha za mtaani

Mwaka wa pili huu natumia Ilford HP5 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe, kwa picha za mtaani, mikanda kama 20 hivi imeshapita, nikasema wacha niandike maana mi mwenyewe nilisita sana kabla ya ule wa kwanza.

Kiukweli nilianza kwa ubishi. Nilikuwa napiga na simu halafu natoa rangi kwenye programu, nikajiona tayari ni mtu wa nyeusi na nyeupe. Kumbe kutoa rangi ni kitu kimoja na kuona bila rangi ni kitu kingine kabisa. Mkanda wa kwanza kuna mama nilimpiga, kavaa gauni jekundu anapita mbele ya ukuta wa kijani, kwa macho ilikuwa inawaka balaa, picha kutoka gauni na ukuta vyote kijivu kilekile, mama kamezwa mzima. Tangu siku hiyo siangalii tena nguo ya mtu, naangalia jua limempiga upande gani na kivuli chake kimelalia wapi.

Filamu ni ISO 400, yaani inashika mwanga haraka kiasi, na hapo ndo utamu ulipo. Jua kali naweka f/11 (tundu la lenzi liwe dogo) na shata 1/1000 ya sekunde, nikiingia kivulini nashusha shata mpaka 1/125, basi. Lenzi yangu 35mm naiacha fokasi mita 3, kwa f/11 kuanzia kama mita 2 mpaka 15 hivi kote kunatoka vizuri, kwa hiyo sihangaiki na fokasi, napandisha kamera, kacha, naendelea na safari zangu kabla mtu hajaanza kupozi.

Jioni naipiga kama vile ni ya ISO 1600 halafu naipushi, yaani naiosha muda mrefu zaidi kufidia mwanga mdogo. Natumia dawa ya kuoshea ya DD-X, sehemu 1 ya dawa kwa 4 za maji, nyuzi 20, zile dakika 9 za kawaida zinakuwa 13. Chenga (zile punje za filamu) zinaongezeka na vivuli vinazama vyeusi tii, mi napenda hivyo, anayetaka picha laini haitamfaa. Ukiiosha kawaida bila kupushi kontrasti yake ni ya wastani tu, ukiskani unaweza kudhani imepooza, usiogope, we ipandishe mwenyewe taratibu maana taarifa zote zimo.

Kinachonitesa ni kusubiri. Garry Winogrand, mpiga picha za mtaani wa Marekani, alipofariki 1984 aliacha mikanda kama 2,500 haijaoshwa kabisa, na hata iliyooshwa alikuwa anaiacha muda mrefu kwanza ili asahau alijisikiaje siku ya kupiga. Mi mmoja tu ukikaa wiki silali.

Halafu kuna siku nilikula wa chuya. Asubuhi nzima mwanga wa pembeni safi, watu wanapita na vivuli virefu, nimepiga mpaka kaunta inasoma 36, na kamera bado inakokota tu, 37, 38, nikaona mbona huu mkanda hauishi. Kufungua, ncha ya filamu haikushika kwenye spuli, haijasogea hata fremu moja. Filamu haina kosa hapo, mkono wangu tu na haraka. Sasa hivi kila nikikokota natupia jicho kile kinobu cha kurudishia filamu, kikizunguka napiga, kisipozunguka nasimama hapohapo.