Masizi ya kaboni au nanotyubu?

Plastiki iliyochanganywa na kaboni hupitisha umeme pale tu chembe zinapokaribiana kiasi cha kufanya njia. Masizi, yaleyale yanayotia weusi matairi, ni ya bei nafuu, lakini kwa kawaida huhitaji asilimia 15 hadi 25 ya uzito. Hapo plastiki iliyoyeyuka hutiririka kwa shida kwenye kalibu, ikiganda huvunjika upesi, na ukisugua trei ya plastiki hiyo, ya kubebea vipuri vya elektroniki, kidole kinatoka cheusi. Nanotyubu ni nyuzi za kaboni nyembamba mno na ndefu, hivyo hufikiana mapema. Mara nyingi asilimia 2 hadi 4 hutosha. Ila hujisokota mafundo, na zisipotawanywa vizuri pesa imepotea bure. Kwa trei za kawaida nachukua masizi. Kwa kifaa chembamba, nanotyubu.