Jiko la presha la umeme: hela inabaki kweli au ni maneno ya wauza duka?

Niseme mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote: jiko la presha la umeme linapunguza matumizi kweli, ila kwa nyumba inayokula maharage, makande, mbaazi, pweza na nyama ya mifupa. Kama kwenu ni chipsi mayai, samaki wa kukaanga na chapati basi kaa na hela yako, utaishia kuliweka juu ya kabati lipigwe vumbi.

Mi niko Tanga, Makorora, nyumba yetu ina watu sita ukiacha wageni, na wageni hawaishi. Nlichonunua ni lile la lita 6, wati 1000, la vitufe mbele. Jina la kampuni nalipita, haya majiko mengi yanafanana hadi maandishi ya kwenye vitufe, tofauti stika tu, na sitaki mtu aje aseme nimelipwa. Nlitoa laki na arobaini. Yapo ya laki moja na yapo ya laki mbili na ushee, ila ya laki moja niliyoyashika sufuria ya ndani ilikuwa nyepesi mno, ukiisukuma na kidole gumba inabonyea, hilo ni jambo la kuangalia kabla hela haijatoka mfukoni.

Kabla ya hapo tulikuwa tunapika kama nyumba nyingi za huku, mtungi mdogo wa gesi kwa chai na vitu vya chapchap, mkaa kwa chochote cha kuchemka muda mrefu. Na mkaa ndo ulikuwa unatumaliza kimya kimya, mana hununui gunia, unanunua kopo, leo buku jero kesho buku mbili, huoni kama ni matumizi. Maharage kilo moja yakiwa ya zamani kidogo yanakula mkaa wa buku mbili hivi mpaka yaive, na yakishaiva moto bado umekolea, unaanza kuutafutia kazi, unabandika maji ya kuoga ambayo hakuna aliyeyaomba na joto lote hili la Tanga. Mvua zikianza mkaa unalowa na bei inapanda, hapo ndo tunakimbilia kununua maharage yaliyochemshwa, ya kikombe, jioni barazani kwa watu, na ukikaa ukapiga hesabu ya vikombe vya wiki nzima kwa vinywa sita utakuta hiyo hela ingekutoa sokoni Mgandini na maharage makavu ya Lushoto kilo kadhaa na vitunguu juu.

Sasa umeme. Kila mtu hofu yake ni LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, na mi nlikuwa nayo, kwa hiyo nikaamua kuangalia kwa macho yangu. Friji nikaichomoa, tivii imezimwa, taa hakuna, nikasoma mita, nikabandika maharage kilo moja ambayo hayajalowekwa, nikabonyeza kitufe chake nikasimama pale pale. Kale kataa kekundu ka mita kakaanza kupepesa haraka haraka, wati 1000 sio mchezo, mama mkwe akapita akaona akasema mwanangu umeme unakimbia huo. Baada ya muda presha ikajaa, kile kipini cha kwenye mfuniko kikapanda juu, na kataa kakatulia. Ikawa kanakuja kanapepesa kidogo halafu kananyamaza tena, kanapepesa, kananyamaza. Hapo ndo pana hela yako. Jiko halili umeme muda wote, likishafika joto lake linajizima lenyewe na kujiwasha lenyewe, na mvuke umefungiwa humo ndani kwa hiyo maji yanavuka zile nyuzi 100 za sufuria ya kawaida, ndo mana maharage yanalainika kwa dakika 45 wakati kwenye mkaa ni masaa mawili. Mpaka linapiga kelele kwamba limemaliza mita ilikuwa imeshuka kama nusu yuniti.

Nusu yuniti ni shilingi ngapi inategemea umewekwa daraja gani. Sisi wa bei ya kawaida yuniti ni sh 292, ukiongeza VAT na makato ya EWURA (wadhibiti wa nishati) na REA (wakala wa umeme vijijini) inafika kama sh 356, kwa hiyo sufuria nzima ya maharage haifiki hata sh 200. Weka hiyo pembeni ya mkaa wa buku mbili. Nyumba inayochemsha vitu vigumu mara nne kwa wiki, jiko la bei kama ya langu linarudisha hela yake ndani ya miezi mitano hivi, baada ya hapo ni faida tupu. Ukiwa unatoka kwenye gesi sio mkaa basi faida ipo ila ni ndogo, subira inakuwa ndefu, usidanganywe.

Wale mlio kwenye daraja la chini, la yuniti 75 kwa mwezi, nyie mnalipa sh 100 kabla ya kodi, kwenu jiko hili ni kama bure. Ila angalieni hapa, zikivuka 75 zile za juu zinachajiwa sh 350 kabla ya kodi, na jiko likitumika kila siku linaweza kukuongezea yuniti 15 hadi 30 kwa mwezi. Kama friji na feni tayari zinakufikisha 60 na ushee basi piga hesabu yako vizuri, au litumie kwa vile vigumu tu, chai na mboga za majani ziache kwenye gesi.

Jambo lingine, kabla hujalilaumu jiko angalia tarehe. Jirani yangu alinunua lake baada ya kuona langu, akaweka LUKU ya elfu tano mwanzo wa mwezi yuniti zikaja chache, akaja kwangu amefura kwamba nimemponza. Nikamwambia dada soma meseji yako vizuri. Imekatwa kodi ya jengo, sh 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, na inakatwa hapo hapo kwenye LUKU tangu 2021, jiko halihusiki. Ukitaka kulipima lipime kwa namba za kwenye mita, sio kwa hela iliyoisha.

Na mliopanga vyumba mnaochangia mita moja, nyie ndo nawahurumia. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tupikie nishati safi, sawa, ila kuna wenye nyumba wanasema kabisa wakati unaingia, hapa umeme ni wa taa na kuchaji simu, pasi siku ya Jumapili. Ukilipitisha jiko hili koridoni watu wanakuangalia miguu mpaka kichwa. Hata ukiwaeleza kwamba wati zake ni chache kuliko za birika nyingi za umeme hawakuelewi, wao wameona ni jiko basi. Ushauri wangu, zungumza na mama mwenye nyumba kwa adabu kabla hujanunua, au mchange muweke sabumita kila mtu ajue chake. Kununua kwanza halafu kupika usiku mlango umefungwa ni kutafuta kesi, mana harufu ya maharage haijui kujificha.

Chakula sasa. Pweza ndo aliyenifanya nilipende hili jiko. Unamchukua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, unamsafisha, unamkatakata, unatia maji nusu kikombe tu mana atatoa yake mengi, ndimu, tangawizi, dakika 20, unamkuta laini na supu yake imekolea, hakuna kumpigapiga na mwiko wala kumchomachoma kila saa kuangalia. Kwenye mkaa huyo ni lisaa zima na zaidi na bado unaweza kumkuta kama kandambili. Makande nayo vizuri sana, mahindi nayaloweka usiku, asubuhi nayaweka na maharage pamoja, watoto wakirudi shule yapo tayari na jiko limejigeuza lenyewe kuweka moto. Ila hapo pa kuweka moto pachomoe, linaendelea kunywa umeme kidogo kidogo bila sababu, lenyewe tu ukiliacha limefungwa chakula kinakaa na joto masaa kadhaa.

Kwa wapika nazi, na Tanga nani asiyepika nazi, tui usilifungie humo. Presha inalikata, unafungua unakuta mafuta juu na maji chini, maharage yanaonekana kama yamelala. Chemsha kwanza mpaka yaive, toa mvuke, fungua, tia tui jepesi uache lichemke mfuniko wazi, kasimile (lile tui zito) mwishoni kabisa na unakoroga. Wali wa nazi unaweza kuupika kwa kufunga lakini chini unashika, kwangu mimi wanaogombania ukoko walifurahi, kwa wengine itakuwa kero ya kusugua na sufuria hizi hazitaki steliwaya.

Ugali sahau. Sufuria ya ndani haina pa kushika, ukianza kusonga inazunguka na wewe, na mwiko unaikwangua ule weusi wake. Kukaanga kitunguu linakaanga ila taratibu mno, mi kiungo natengeneza pembeni kwenye gesi halafu namwagia. Kwa hiyo mtu akikwambia ukinunua hili unauza mtungi wa gesi, huyo anauza majiko.

Kilichobadilika zaidi kwenye bajeti yetu ni kwamba nimeanza kuchemsha mengi kwa mpigo. Kilo nzima ya maharage, nusu inaliwa, nusu inagawanywa kwenye vikopo vya siagi inaingia frizani bila chumvi wala nazi. Siku nimechelewa kurudi natoa kopo moja, tayari nina mboga, siendi kununua vya barabarani kwa sababu ya uchovu tu. Yule mama wa maharage ya kikombe ananiuliza siku hizi mbona tumepotezana, namwambia tupo mama, tupo.

Mabaya yake. Ule mpira mweupe wa ndani ya mfuniko unashika harufu vibaya sana, ukipika pweza jana leo chai ya maziwa inanukia bahari. Osha na limao, anika juani, harufu inapungua ila haiishi. Ekstensheni za bei rahisi, zile zenye matundu manne na kataa kadogo, usichomekee hili jiko, ya kwetu ya zamani ilianza kunuka plastiki na plagi ikawa ya moto huwezi kuishika, chomeka ukutani moja kwa moja. Usijaze, maharage yanavimba na kutoa povu, mwisho nusu ya sufuria, povu likiziba tundu la mvuke mtasumbuana. Na wakati wa kutoa mvuke watoto wawe mbali, unatoka kwa nguvu hadi paka anakimbia. Umeme ukikatika katikati ya kupika usifungue, liache hivyo hivyo, lile joto lililobaki linaendelea kuivisha, mara nyingi umeme ukirudi nakuta bado dakika chache tu.

Dukani nako nlikutana na kituko. Jiko la kwanza waliloniletea kipini hakikupanda, mvuke ulikuwa unavuja pembeni, nikarudi nalo kesho yake na risiti, kijana ananiambia dada labda hujui kulitumia. Nikamwambia kaka chomeka hapa tuchemshe maji wote tuone. Likavuja mbele ya wateja, ndo akabadilisha. Kwa hiyo kabla hujalipa omba lichomekwe hapo hapo litiwe maji vikombe viwili, presha ijae, kipini kipande, ndo utoe hela, na karatasi ya warenti iandikwe tarehe na igongwe muhuri, ya kwangu ilikuwa tupu mpaka nlipodai. Kitabu cha maelezo kimejaa Kichina na Kiingereza kidogo, vitufe utavijua kwa kujaribu, mi natumia viwili tu, cha maharage na cha nyama.

Jiko hili nalipatia alama 8 kwa 10, mbili nimekata kwa sababu ya ule mpira na kwa sababu spea ni shida. Mpira ukilegea jiko halijazi presha na hapo linakula umeme bure mana mvuke unatoka wote. Nlizunguka sana madukani Ngamiani nikaupata kwa elfu tano, na saizi zinatofautiana hata kwa majiko ya lita 6 yote, kwa hiyo nenda na ule wa zamani mkononi upimwe, na kama ndo unanunua jiko leo chukua na mpira wa ziada siku hiyo hiyo, mmoja wa pweza na samaki, mwingine wa vingine vyote.