Uzoefu wangu na dawa ya kupaka nguzo za zege, stoo ya chumvi Kigoma

Nina stoo hapa Mwanga, Kigoma mjini, natunza chumvi ya Uvinza, na miaka yote magunia tulikuwa tunayaegemeza kwenye nguzo, mvua zikianza chumvi inavuta unyevu inachuruzika na zege linainywa taratibu. Mwaka juzi nguzo mbili zikapata ufa wa wima kwenye kona, una michirizi ya kahawia. Fundi akaja akapiga plasta juu na rangi ya mafuta, hela ikaenda. Mvua zilipokatika plasta imevimba, nikavuta kwa mkono likatoka bonge zima, ndani nondo imekuwa magamba magamba unabandua kwa kucha. Niliumia sana aisee.

Fundi wa pili ndo akanielewesha, ukali wa saruji wenyewe unalinda nondo, ila chumvi ikiifikia ule ulinzi unavunjika, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma, mara mbili mpaka sita, lazima zege lipasuke tu. Halafu kava, yaani unene wa zege linaloifunika nondo, ilikuwa sentimita moja na nusu, aliyejenga hakuweka biskuti, vile vipande vya saruji vya kuitenga nondo na ubao!

Tukasubiri kiangazi, mwezi wa saba mwaka jana, tukachimba kwa tindo mpaka nyuma ya nondo, brashi ya waya mpaka chuma king'ae, tukaosha kwa maji safi, praima ya zinki, tukajaza mota maalum ya kukarabati zege, ilipokauka vizuri ndo tukapaka sileni, dawa yenyewe ninayoisimulia hapa, nguzo zote nne, mara mbili. Niliagiza Dar, bei imechangamka kweli. Ni kimiminika kama maji, haina rangi, harufu kali vaeni barakoa, haijengi ngozi juu kama rangi, inazama kwenye vitundu vya zege, maji hayaingii ila mvuke wa ndani unatoka. Nikimwagia kikombe cha maji matone yanakimbia kama kwenye jani la magimbi, na mvua zote zimepita zile mbili tulizochimba hazina hata mchirizi.

Kilichoniuma ni nguzo ya nne. Chini ilikuwa na doa la kahawia dogo kama sarafu, muuzaji alisema dawa inaua kutu, tukapaka juu kwa juu. Mwezi wa tatu imepasuka palepale. Chumvi ilishaingia ndani, dawa inazuia mpya tu, iliyomo haiitoi.

Dawa yenyewe naipa nne kwa tano. Magunia sasa yako juu ya mapaleti mbali na nguzo, na hiyo ya nne naifumua kiangazi hiki.