Chaja ya kutunza betri ya gari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Gari lisilotembea linamaliza betri yake lenyewe. Alamu, saa na kompyuta zikila miliampea 50 tu, kwa siku ni ampea-saa 1.2 na kwa mwezi 36, yaani sehemu kubwa ya betri ya gari dogo. Betri ikikaa muda mrefu chini ya volti 12.4, sulfeti inaganda kwenye sahani za risasi, na nguvu iliyopotea hapo hairudi yote.

Chaja ya kutunza inazuia hilo, lakini kabla ya kulipa uliza: betri ikishajaa, inafanya nini? Ampea zisikutie tamaa. Chaja nzuri inapanda hadi volti 14.4 hivi, kisha inashuka yenyewe kati ya 13.2 na 13.8 na kukaa hapo. Isiyoshuka inachemsha betri hadi inakauka.

1. Chaja janja, yaani inayoshuka yenyewe, ya ampea 5. Kwa mwenye gari moja, hii ndiyo ya kununua: CTEK MXS 5.0, NOCO Genius5 au Victron Blue Smart IP65 ya 12/5. Betri ya ampea-saa 45 iliyobaki nusu inajaa usiku mmoja, na unaweza kuiacha imeunganishwa wiki kadhaa. Zote tatu zinapunguza volti joto likipanda. Viwango vya kuchaji hupangwa kwa nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hutaka volti zipungue kama 0.02. Gereji ya Dar es Salaam au Mombasa ikifika nyuzi 35, hiyo ni volti 0.2, tosha kuimaliza maji betri inayochajiwa miezi mfululizo.

Soma lebo nyuma ya chaja. Iliyoandikwa 120V pekee, kama nyingi zinazoletwa kutoka Marekani, itaungua kwenye soketi zetu za volti 230.

2. Chaja ndogo ya ampea 0.75 hadi 1, kama NOCO Genius1. Inafaa pikipiki, au gari ambalo betri yake tayari imejaa. Betri kubwa iliyolala itaichosha siku mbili au zaidi.

3. Paneli ya sola ya wati 10 na kidhibiti chaji. Kwa maegesho yasiyo na umeme. Saa tano za jua kali hutoa kama ampea-saa 2.5, zinazofidia kinacholiwa na gari. Usikubali kuuziwa paneli peke yake: bila kidhibiti inaweza kuzidisha chaji mchana, na isipokuwa na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inanyonya betri usiku.

4. Chaja ya zamani ya transfoma, yenye mshale wa ampea. Fundi anayesimama pembeni anaweza kuamsha nayo betri iliyokufa kabisa, ambayo chaja janja huikataa. Kwa kutunza, hapana. Nyingi hazijui betri imejaa.

Sasa kuunganisha. Betri ya maji ifunguliwe vizibo uone sahani zimefunikwa. Zikiwa wazi, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi hadi yazifunike tu, na ujaze hadi alama baada ya kuchaji, kwa kuwa maji hupanda. Swichi ya ukutani ikiwa imezimwa, bana nyekundu kwenye chanya, kisha nyeusi kwenye bolti ya injini au bodi, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inailipua. Kubana kwenye bodi pia kunaiwezesha kompyuta ya gari lenye kihisi kwenye hasi kuhesabu chaji. Ndipo uwashe. Kutoa, zima kwanza, toa nyeusi, kisha nyekundu.

Modi ya kufufua betri iliyochoka, iliyo kwenye baadhi ya chaja janja, hufika karibu volti 15.8; itumie betri ikiwa imetenganishwa na gari, na usiiguse kwa AGM, betri iliyofungwa isiyoongezwa maji. Harufu ya yai viza, au betri isiyoshikika kwa joto: zima ukutani papo hapo, fungua milango.

Umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya chaja husubiri kubonyezwa upya. Ijaribu dukani kwa kuchomoa na kuchomeka.

Na kama betri imechajiwa, ikapumzika usiku mzima, bado inasoma volti 10.5 hivi, seli moja imekufa. Pesa ya chaja iongezee kwenye betri mpya.