Lichess kwa anayetaka kupanda kiwango cha chesi

Mchezaji akikwama kwenye kiwango cha pointi 1300 au 1400 kwa miezi, mara nyingi tatizo si uchache wa mazoezi. Anafumbua mafumbo (hali za ubao za kutafutia hatua bora) kila siku, kila jioni anacheza mechi za dakika tatu mfululizo, na bado makosa yaleyale yanamrudia. Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, ina karibu kila chombo cha kumtoa hapo. Shida ni kwamba vyombo vyenyewe vimetawanyika, na vinavyovutia macho ndivyo vyenye msaada mdogo.

Tovuti hii ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida kwa michango ya watu. Haina matangazo, na anayechangia hapati chombo chochote ambacho asiyechangia hana. Hilo lina uzito kwa mtu wa mazoezi, maana Chess.com, tovuti nyingine ya chesi, humwekea asiyelipia kikomo cha mafumbo ya siku.

Pa kuanzia ni mechi ulizopoteza, mafumbo baadaye. Cheza mechi za dakika 15 zenye nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Chini ya hapo huwezi kutofautisha kosa la kutojua na kosa la haraka. Mechi ikiisha, ipitie mwenyewe kwanza bila kompyuta na uandike ulipohisi mambo yameharibika. Ndipo uombe uchambuzi wa kompyuta. Utapata grafu ya mechi nzima na makosa yaliyowekewa alama: ?! kwa hatua hafifu, ? kwa kosa, ?? kwa kosa kubwa. Hapo pia kuna kitufe cha kujifunza kutokana na makosa yako, na kwa maoni yetu hicho ndicho kitufe bora kuliko vyote kwenye tovuti hii. Kinarudisha ubao pale pale kabla hujakosea na kukutaka utafute hatua iliyo bora. Wengi hukiharibu kwa kufungua jibu baada ya sekunde kumi. Jipe dakika mbili nzima, kisha andika sababu kwa maneno machache: kete iliachwa bila ulinzi, farasi alishika mbili kwa mpigo, mstari wa nyuma ulikuwa wazi. Baada ya mechi kumi hesabu. Sababu iliyojirudia zaidi ndiyo somo lako la wiki mbili zijazo.

Sasa nenda kwenye mafumbo, lakini usikubali mchanganyiko unaopewa moja kwa moja. Fungua orodha ya mada, uchague moja. Mafumbo haya yametolewa kwenye mechi halisi za Lichess, kwa hiyo yanafanana na yanayokupata wewe. Chukua mada ya mati (mfalme ameshambuliwa na hana pa kuponea) ya mstari wa nyuma. Mfalme mweusi yuko g8 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari wa kulala), askari wake wa f7, g7 na h7 hawajasogea, na e8 inalindwa na ngome iliyoko d8 peke yake. Mweupe ana malkia na ngome kwenye safu ya e, malkia akiwa mbele. Malkia anaingia e8, ngome ya d8 inamla, ngome nyeupe inakula palepale: mati. Anayeshindwa fumbo hili kwa kawaida ameiona e8, ila akaacha kuhesabu alipoona malkia analiwa. Dawa yake ni kutogusa kete mpaka mfuatano wote uonekane mwisho wake. Ukipatia hatua ya kwanza na kukosea ya pili, fumbo zima linahesabiwa umeshindwa, na ni haki.

Mafumbo 15 kwa siku yanatosha. Ukikosea zaidi ya nusu, shusha ugumu ngazi moja. Baada ya wiki mbili rudi kwenye mchanganyiko, kwa sababu jina la mada ni nusu ya jibu, na kwenye mechi hakuna wa kukuambia kwamba hapa pana mati.

Dashibodi ya mafumbo inaonyesha mada unazofanya vibaya na mafumbo ya kurudia. Weka kipindi cha siku 30. Mada uliyocheza mara nne tu isikutishe. Subiri ifike ishirini hivi. Puzzle Storm, ile mbio ya mafumbo ya dakika tatu, inanoa kasi ya kutambua unachokijua tayari. Kitu kipya haifundishi.

Sehemu ya Practice inapuuzwa mno, na humo ndimo mna mazoezi ya mwisho wa mchezo, kete zikiwa zimebaki chache. Weka mfalme mweupe e4, askari wake e3, mfalme mweusi e6. Ikiwa ni zamu ya mweusi, mweupe anashinda, kwani mfalme mweusi lazima apishe upande mmoja na mweupe apite mwingine. Ikiwa ni zamu ya mweupe, ni sare: askari hawezi kusogea, mfalme wake mwenyewe amemzibia njia. Nusu pointi nzima imekaa kwenye swali la zamu ni ya nani, na wachezaji wengi wa 1400 hawaliulizi kabla ya kubadilishana ngome za mwisho.

Kasoro zipo. Stockfish, injini (programu) inayochambua mechi, inakuonyesha hatua bora bila neno la kueleza sababu, hivyo anayeanza kabisa anaweza kuikariri bila kuielewa. Jaribu kucheza ile hatua yako mbaya kwenye ubao wa uchambuzi na uone mpinzani anaijibu vipi; sababu huwa imejificha kwenye jibu hilo. Pia ukiwasha injini kwenye kivinjari, inatumia nguvu za simu yako: betri inashuka na simu inapata moto. Uchambuzi unaouomba baada ya mechi hufanywa kwenye kompyuta za watu waliojitolea, kwa hiyo tumia huo. Na namba za Lichess usizilinganishe na za Chess.com. Hapa mchezaji mpya anaanzia 1500, na kwenye viwango vya chini mtu yuleyule huwa juu zaidi hapa kuliko kule.